Upange wapi ukiajiriwa hospitalini Mombasa?

Anayetafuta nyumba Mombasa kwa kuhesabu kilomita peke yake huenda akapanga mbali kuliko alivyodhani, kwa kuwa mji huu ni kisiwa na kinachomchelewesha mtu ni mahali pa kuvukia: Daraja la Nyali kwa wanaotoka kaskazini, Makupa kwa wanaotoka Changamwe, na feri kwa wanaotoka Likoni. Mpangilio huu wa mitaa, kuanzia inayofaa zaidi, unawalenga hasa wauguzi na matabibu wa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara.

Nafasi ya kwanza naipa Tudor pamoja na Tononoka. Huko hakuna kuvuka, na anayemaliza zamu usiku hufika kwake kwa tuktuk bila kungoja matatu ijae. Kizingo nayo iko kisiwani, karibu na Aga Khan na Mombasa Hospital, lakini kodi zake zinamfaa zaidi daktari bingwa kuliko muuguzi anayeanza kazi.

Kasoro ya kisiwa ni maji. Mji hutegemea vyanzo vya mbali kama Mzima na Baricho, mgao haufiki kila siku, na nyumba nyingi huziba pengo hilo kwa maji ya kisima yenye chumvi. Kabla ya kulipa amana, fungua bomba mwenyewe, onja, kisha sugua sabuni kiganjani. Ikikataa kutoa povu, ujue kwamba hayo ndiyo maji utakayofulia sare zako. Muulize mwenye nyumba, mbele ya wapangaji wengine ikiwezekana, ni nani hulipia boza, yaani lori la maji, matangi yanapokauka.

Kongowea na Nyali ni nafasi ya pili, ila kwa mtu wa zamu za usiku ningezitanguliza. Asubuhi msongamano wa darajani huelekea mjini na jioni hugeuka kurudi kaskazini, kwa hiyo anayeingia kazini jioni na kutoka asubuhi husafiri kinyume cha foleni, ilhali mwenzake wa zamu ya mchana huikuta akienda na akirudi. Nyali ni ghali. Kongowea ina kelele, lakini soko lake hupunguza sana gharama za jikoni.

Bamburi inafuata, kwa vyumba vya nafasi na nauli iliyo juu kidogo. Mtwapa, iliyo ng'ambo ya mkono wa bahari katika Kaunti ya Kilifi, naiweka ya nne: ukipanga huko utavuka madaraja mawili kila uendapo kazini, na unafuu wa kodi huishia kwenye nauli.

Likoni naiweka mwisho, ingawa kwenye ramani iko karibu kuliko Mtwapa. Waendao kwa miguu hawalipi feri, lakini chombo kimoja kikiharibika foleni hurefuka, na msimamizi wa wodi hawezi kumruhusu wa zamu iliyopita aondoke kabla hujafika. Barabara ya Dongo Kundu humsaidia mwenye gari, japo huzunguka hadi Miritini.

Aliyepangiwa hospitali ya Port Reitz aupuuze mpangilio huu, atafute Changamwe au Mikindani. Aliyepata kazi Kilifi mjini naye apange huko huko, kwani kusafiri kutoka Mombasa kila siku kutammaliza.