Uzoefu wangu: Bwana Msa kitabuni, na hadithi za kusikiliza kwenye simu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila Ijumaa huwasimulia hadithi wanafunzi wa darasa la nne. Kwa ajili ya kazi hiyo nimelipia vitu viwili: nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, na huduma ya hadithi za kusikiliza kwenye simu.

Kitabu kimenifaa kuliko nilivyotarajia. Bwana Msa, mpelelezi asiyeachana na kiko chake, huona kile kile anachokiona sahibu yake Najum, lakini hasemi amekielewaje mpaka mambo yaive, kwa hiyo msomaji hupewa ushahidi bila kupewa maana yake na hubaki akihangaika nao mwenyewe. Mbinu hiyo nimeihamishia kwenye ngano za Fisi. Zamani nilikuwa nikianza kwa kusema kwamba Fisi alikuwa mlafi, na darasa likaujua mwisho kabla sijafika katikati; siku hizi naanza na mifupa iliyokutwa kisimani alfajiri, na nyayo za mnyama anayechechemea zikielekea porini, kisha nanyamaza. Hapo wanafunzi huanza kubishana wao kwa wao, na mimi huwaacha wabishane kidogo kabla ya kuendelea. Tena Kiswahili cha Unguja kilichomo kitabuni, chenye majibizano yasiyo na pupa, kinamwongezea mwalimu wa bara kama mimi akiba ya maneno.

Huduma ya kusikiliza, ambayo sitaitaja jina, hainiridhishi. Ni kweli kwamba msomaji wao anajua kutua, na kwake nimejifunza kuacha pumzi baina ya swali na jibu, jambo ambalo ukurasa hauwezi kulifundisha. Lakini wahusika wote, mzee kwa kijana, wana sauti moja, na tangazo la biashara huingia katikati ya sentensi, mara nyingi pale pale mhalifu anapokaribia kutajwa (na hayo ni kwa sisi tunaolipa).

Mwenye fedha ya kimoja tu anunue kitabu na akisome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya watu. Usajili wangu ukiisha mwezi huu sitauendeleza. Fedha hiyo nitanunulia Kisima cha Giningi, ambamo Bwana Msa anarudi kazini.