Raba za milango za gari la spoti la zamani: ununue zipi ukiwa Arusha

Kwenye Toyota Celica yangu ya mwaka 1995, vumbi ndilo lililotangulia kunipa habari. Nilirudi kutoka Ngaramtoni kiangazi kimoja, vioo vimepandishwa mpaka mwisho, na nilipofungua mlango nikakuta mstari mwembamba wa vumbi umelala juu ya kiti, sambamba kabisa na kona ya juu ya kioo. Masika yalipoingia, palepale pakawa njia ya maji hadi kwenye zulia, na wiki mbili baadaye gari lote lilinuka kama gunia lililolowa.

Celica za kizazi hicho, zilizotengenezwa kati ya 1993 na 1999, milango yake haina fremu ya juu. Kioo kinajibana chenyewe kwenye raba iliyoshikwa na bodi. Mazda MX-5 za kwanza ziko hivyohivyo. Kwa gari la namna hii raba ndiyo ukuta wenyewe, na ikichoka hakuna kingine cha kuzuia chochote. Tena Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jua la huku linadanganya: mwili unasikia ubaridi, huku raba inakauka na kupasuka. Moshi iko chini zaidi, lakini joto lake linamaliza kilichobaki.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha tatizo ni raba kweli. Bana noti kati ya kioo na raba, funga mlango, kisha ivute taratibu. Ikitoka kwa kusita, raba bado ina uhai. Ikichomoka bila kushikwa popote, hapo pameisha. Halafu paka chaki kwenye raba, funga, fungua, na uangalie kioo: palipokosa alama ndipo panapovuja. Ukiona raba ni laini ila kioo hakiifikii, kazi ni ya kurekebisha kioo, na utakuwa umeokoa pesa nyingi. Kagua pia mifereji ya maji iliyo chini ya kioo cha mbele. Mijakaranda ikimwaga maua, mifereji ile huziba, na maji yanaingia ndani huku watu wakizilaumu raba.

Ukishajua ni raba, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza ni raba mpya ya kampuni iliyotengeneza gari, na kama mfuko hauruhusu gari zima, inunue kwa sehemu moja tu: ile inayopokea kioo cha mlango. Raba hiyo umbo lake hubadilika njiani. Kwenye nguzo ya mbele ina mdomo mmoja, juu ina uvimbe mnene, na kona zake zimemiminwa kwenye kalibu. Hakuna raba ya kukata kwa mita itakayofanya kazi hiyo. Agiza kwa namba ya chesisi, maana kulia na kushoto si sawa, na paa lenye dirisha linaweza kuwa na raba yake. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu 10, tano na tano, na tano za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya spea. Mwambie muuzaji akuandikie namba nzima kabla hujalipa. Usikate tamaa mapema kwa sababu gari ni la zamani: Toyota ilianza mwaka 2020 kutengeneza upya baadhi ya spea za Supra, gari lake jingine la spoti, za vizazi vya A70 na A80, na Mazda imefanya hivyo kwa MX-5 za kwanza.

Mzigo ukija kwa basi kutoka Dar, omba raba izungushwe kwa duara pana, isikunjwe. Mkunjo uliokaa siku mbili ndani ya boksi lenye joto hugeuka kuwa pengo mlangoni. Ikifika, ilaze juani saa moja ijinyooshe kabla fundi hajaigusa.

Nafasi ya pili ni raba ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa. Hapa ubora unapishana sana. Mimi huomba picha mbili: ya kona, na ya ncha iliyokatwa ikiwa kando ya rula. Tafuta alama ya EPDM, ambayo mara nyingi huchapwa kwenye kona. Hiyo ndiyo aina ya mpira inayostahimili jua na mvua miaka mingi. Ukiishika, ibinye kwa ukucha. Alama ikibaki, rudisha.

Ya tatu ni raba ya mita, yenye waya wa chuma ndani na uvimbe pembeni. Kwa buti naipandisha hadi nafasi ya kwanza bila wasiwasi, kwa kuwa raba ya buti mara nyingi ina umbo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pima kwa kamba na uongeze kidogo. Pima pia unene wa bati inapoingia na urefu wa uvimbe. Hili la uvimbe nililipuuza. Duka moja lilinipa raba nene kwa maelezo kwamba nene ndiyo inayoziba vizuri, nikaiweka mlangoni. Mlango ukawa haufungi bila kubamizwa, na kabla mwezi haujaisha kioo kikaanza kutikisika kwenye reli zake. Raba ile nyeusi, nzuri machoni, ikanitia gharama ya kufungua mlango mzima.

Raba za mtumba, zilizotolewa kwenye gari lililokatwa, naziweka nne. Watu wengi huanzia hapo kwa sababu bei ni nafuu na umbo ni lenyewe. Lakini umri wake ni uleule wa raba unayoitupa. Zinakubalika pale tu ambapo huwezi kupata kitu kingine, na baada ya kuzikunja polepole kwenye kona ukatafuta nyufa. Zifute kwa kitambaa cheupe pia. Kikitoka cheusi sana, ziache hapo hapo.

Ya mwisho kabisa ni silikoni ya tyubu. Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, hii tunapiga silikoni tu, hutajua." Nilijua mvua ya kwanza. Isitoshe ikishakauka inashika bati kwa nguvu kiasi kwamba kuikwangua kunaondoa rangi, na kutu inapata pa kuanzia.

Siku ya kufunga, usikubali raba mpya iwekwe juu ya gundi ya zamani. Bati likwanguliwe, kutu itibiwe, pafutwe mpaka pakauke. Fundi aanze na kona, asiivute, maana raba iliyovutwa hujirudi na kuacha pengo. Ya mita akate ikiwa imezidi sentimita moja na kuisukuma ndani, kiungo kikae chini.

Baada ya hapo usipake Vaseline, grisi wala dizeli, hata kama wanaokuoshea gari wanapenda ing'ae. Mafuta ya petroli huvimbisha EPDM na kuilegeza. Gliserini ya duka la dawa, matone machache kwenye kitambaa kila miezi miwili, inatosha. Wiki ya kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga. Ufunge, uache ulale hivyo usiku kadhaa, na ndipo umwite mtu akae ndani na tochi wakati unamwaga ndoo ya maji juu ya paa.