Mita ndogo ya kugawana umeme na jirani: nimekaa nayo miezi 8

Jamani mnaoshea mita moja na jirani, hii nawaandikia nyie. Nimefunga mita ndogo, ile wengine wanaita sabumita, inahesabu umeme wa nyumba yangu peke yake, ya fezi moja (umeme wa kawaida wa majumbani), upana wake kama vidole viwili, inabana kwenye reli, kile kipande cha chuma ndani ya kabati, kama sakiti breka za kawaida. Nina miezi 8 nayo sasa.

Hali yetu ilikuwa hivi, nyumba mbili mita kubwa moja, gharama nusu kwa nusu. Mi natoka asubuhi narudi usiku, kwa jirani kuna friza na hita ya maji na watu wanashinda nyumbani, sa kila mwisho wa mwezi ni maneno, ye anasema pasi yangu ndo inamaliza umeme mi nasema hita yake, na hakuna mwenye ushahidi. Tulifika hatua ya kutosalimiana na ukuta ni mmoja, aisee inaumiza sana kuishi hivyo.

Kwa kuhesabu, mita hii sina neno nayo. Pembeni ya kioo imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kataa kekundu kakimulika mara 1000 ndo yuniti 1 imetimia. Nilizima kila kitu nikaacha birika la umeme la wati 2000 peke yake, nikahesabu na saa ya simu, dakika moja kakamulika mara 33, na ukipiga hesabu ndo inavyotakiwa. Msitumie pasi kwa jaribio hili, pasi inajizima na kujiwasha yenyewe itawachanganya.

Ila kilichonifaa kuliko vyote ni kitu alichonifundisha fundi siku ya kufunga. Aliniambia zima breka zote ndani kwako af njoo uangalie. Nikazima zote, nikarudi, kataa bado kanamulika, polepole lakini kanamulika. Tukafuatilia waya, kumbe taa za uani, zile za wote, ziliungwa kwenye laini yangu tangu nyumba inajengwa na jirani mwenyewe hakuwa anajua. Nilimwita akaja akaona kwa macho yake, akasema "pole jirani, hili mi sikulijua," na hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tunaongea bila kupandishiana sauti. Taa zikahamishwa zikakaa kabla ya mita ndogo, sa hivi tunasoma mita kubwa, tunatoa yangu, na yeye alifunga yake tunatoa pia, kinachobaki ni cha taa za uani tunagawana sawa.

Sasa tatizo. Kabati la mita liko ukutani pale pale tunapopaki. Jirani anarudisha gari kinyumenyume mpaka bampa inakaribia kugusa mlango wa kabati, ukivuta mlango unafunguka kiasi cha kiganja basi. Na hii mita kioo chake ni kidogo mno na hakina taa, huwezi kusoma namba kwa kuchungulia pembeni, lazima usimame mbele yake. Kwa hiyo ugomvi wa yuniti uliisha ukaja ugomvi wa pakingi, kila nikitaka kusoma ni "jirani samahani, naomba sogeza gari kidogo," na yeye anaona namsumbua makusudi.

Nilivumilia mpaka usiku mmoja nikasikia harufu ya waya kuungua. Nikakimbilia swichi kubwa, iko humo humo kabatini, gari limeziba. Nilisimama pale nagonga dirisha la watu wamelala huku mkono mmoja unajaribu kupenya kwenye upenyo na haufiki. Kilikuwa ni kiungio kimelegea tu, gari likatolewa tukazima, hakuna aliyeumia, lakini mpaka leo nikikumbuka natetemeka. Kesho yake jirani mwenyewe ndo alikuja na kopo la rangi tukapiga mstari chini, upana wa mlango ukiwa wazi kabisa na mtu kasimama, hapo hapaki mtu wala mgeni wa mtu. Funguo ya kabati kila nyumba inayo yake. Kusoma tunasoma wote wawili siku moja, kila mtu anapiga picha na simu yake.

Kwa anayetaka kununua: inafungwa baada ya mita kubwa, upande wenu, na zile sili za kampuni ya umeme msiziguse kabisa hata fundi akisema ni dakika moja tu. Tafuta fundi anayejua kazi. Na ujue hii inahesabu tu, haikati umeme mtu asipolipa, kama mtu wako halipi kabisa tafuta ile ya kulipia kabla.

Nampa muuzaji nyota 4. Moja nimekata kwa ajili ya kioo, na ninaomba kwa dhati walete yenye kioo cha kuvutwa kwa waya kikakae ndani, sababu wengi wetu mita zetu zipo sehemu ambazo gari la mtu ndo linaamua kama utazifikia.