Seti ya mshipi wa mkono ya dukani: uzi unafaa, ncha ibadilishwe

Seti tunayoizungumzia ni ile inayoning'inia kwenye maduka mengi ya vifaa vya uvuvi pwani: gurudumu la plastiki, mita 100 za nailoni yenye unene wa milimita 0.6, chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) la gramu 80 hivi, ndoana mbili namba 1/0 na kipande kifupi cha waya. Nje ya mwamba, kwenye kina cha mita 20 na zaidi, inafanya kazi yake vizuri. Lakini wengi wanaoinunua huenda nayo ndani ya mwamba, kwenye maji maangavu ya mita moja hadi tatu, kisha wanalalamika kwamba changu wanakisogelea chambo na kukiacha. Malalamiko yao ni ya haki. Ila chambo mara nyingi hakina kosa; samaki wanakikataa kwa sababu ya vitu kilivyofungwa navyo.

Gurudumu ni imara na uzi haukatiki ovyo, kwa hiyo hivyo vibaki. Waya uondoe kabisa, maana kwenye maji meupe unaonekana kwa mbali, na changu hana meno ya kukata uzi. Mahali pake funga swiveli ndogo, yaani kiungo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote, kisha mita moja na nusu ya uzi wa florokaboni wa milimita 0.28. Florokaboni hupindisha mwanga kwa kiwango kilicho karibu na cha maji: 1.42 kwa 1.33, ilhali nailoni hufika 1.53 au zaidi. Ndiyo maana haionekani kirahisi. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Likikazwa kavu, uzi huungua na kukatika papo hapo samaki akivuta.

Chubwi la gramu 80 ndilo kasoro kubwa ya seti hii. Likitua kwenye maji ya mita mbili, kishindo chake huwatawanya samaki, na atakayerudi kuonja huhisi uzito na kutema. Nunua chubwi lenye tundu la katikati, gramu 10 hadi 20 kulingana na mkondo, ulipitishe kwenye uzi mkuu juu ya swiveli. Hapo samaki hubeba chambo na uzi unateleza bila yeye kuvuta risasi.

Ndoana 1/0 ni kubwa mno kwa samaki wengi wa kwenye majani ya bahari. Chukua namba 6 au 8, na mwenye haraka dukani akumbuke: kwa namba zisizo na /0, namba ikipanda ndoana inapungua, zenye /0 ni kinyume chake. Kabla ya kubadilisha lolote, kagua chambo kilichorudi. Kikirudi kizima na kimepauka, samaki hawakukigusa: tazama uzi, chubwi au maji yenyewe. Kikirudi kimenyofolewa pembeni, wanakula, ila ndoana haiingii mdomoni. Uzi ukirudi umekatwa bila ndoana, kwa kawaida ni kazi ya bunju, na dawa yake ni kuhama.

Baadhi ya maduka huuza pamoja na seti hii pakiti ya ngisi wa kugandishwa. Hatuipendekezi bila kuifungua na kunusa. Ngisi aliyeyeyuka kisha akagandishwa tena huwa laini, ametoa maji, na harufu inayowaita samaki imeshatoka nayo. Kamba wabichi ni bora. Ingiza ndoana mkiani, ifuate tumbo, ncha itokeze kidogo. Ngisi akiwa mzuri, kata ukanda wa sentimita moja kwa tano na umchome mara moja tu kwenye ncha ya ukanda. Akikunjwa kama donge huzunguka kwenye mkondo, uzi unajisokota, na samaki hawamtaki. Aliyeshika petroli ya mashine asugue mikono kwa mchanga kabla ya kugusa chambo.

Yapo mambo ambayo hakuna seti itakayoyatibu. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hayasambazi harufu vya kutosha. Bamvua kali, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, nayo huchafua maji kwa mchanga na majani. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo zetu, samaki wanapopanda kwenye majani kutafuta chakula. Kipindi cha kaskazi, maji yakiwa maangavu, vua alfajiri au jioni na usiruhusu kivuli cha mtumbwi kianguke juu ya chambo. Na ukiona kundi la tasi linapita kamba wako bila kujali, usiubadilishe uzi: tasi hula mwani zaidi, kwa hiyo mpe mwani au donge dogo la unga kwenye ndoana namba 10.

Kwa mvuvi wa nje ya mwamba, nunua seti kama ilivyo. Kwa mvuvi wa ndani, muulize muuzaji kama anauza gurudumu na uzi peke yake, na hela inayobaki uiweke kwenye florokaboni.