Kaunta buku ya kwaya 2 na makato ya kadi yangu

Dada yangu aliniletea kaunta buku mbili kutoka Kariakoo, za kwaya 2, jalada gumu. Nilipanga kuandikia mapishi. Moja imeishia kunipigania pesa zangu hapa Columbus, Ohio.

Nilijitoa jimu mwezi Machi. Wakaendelea kunikata dola 39.99 kwenye kadi ya mkopo, Aprili na Mei. Nikipiga simu kwa kampuni ya kadi, kila anayepokea ana lake: utarudishiwa, kesi haionekani, subiri bili ijayo. Mwanangu akanitengenezea jedwali kwenye kompyuta. Linajumlisha vizuri, ila mimi hupiga simu saa ya mapumziko, nikiwa ndani ya gari, simu sikioni. Kaunta buku inakaa gotini.

Nimepiga mistari kwa rula: tarehe, kiasi, jina la anayekata lililoandikwa kwenye bili (kwangu halikuwa la jimu, lilikuwa la kampuni nisiyoijua kabisa), niliyeongea naye, namba ya kesi, alichoahidi. Pembeni naandika siku ya 60 kwa wino mwekundu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inataka barua yako ya kupinga iwafikie kampuni ya kadi ndani ya siku 60 tangu watume bili ya kwanza yenye kosa, tena kwenye anwani ya maulizo ya bili, siyo ile ya kulipia. Simu peke yake haikulindi. Wao wana mizunguko miwili ya bili kumaliza, isizidi siku 90. Kiasi unachopinga unaweza kukizuia wakati wanachunguza, lakini kilichobaki lipa.

Safu ya mwisho naiacha wazi mpaka jambo liishe, ndipo naweka tiki. Hapo ndipo daftari lilipolipa gharama yake. Juni walinirudishia pesa zote, ila barua yao ilisema ni kwa muda tu, basi sikuweka tiki. Agosti wakazichukua tena kimyakimya, mstari mmoja katikati ya bili ya kurasa nne. Nisingekuwa na ile safu tupu ya kunikumbusha, nisingeuona.

Nilipopiga, wakasema barua yangu ya kupinga haikufika. Nikafungua bahasha ya kaki niliyoibandika kwa gundi nyuma ya jalada, maana kaunta buku haina mfuko, na hilo ni kasoro. Humo mlikuwa na kadi ya kijani ya posta, ile inayokurudia ikiwa na saini ya aliyepokea. Saini ipo, tarehe 11 Juni. Nikawasomea, nikawatumia na picha. Septemba pesa zikarudi, na safari hii barua haikutaja muda.

Kasoro nyingine ni karatasi: wino wa jeli unapenya upande wa pili, tumieni kalamu ya kawaida. Kaunta buku ya pili nimempa jirani wa ghorofa ya juu, anayekatwa na kampuni ya simu aliyoihama tangu mwaka jana. Jana jioni tumempigia mistari.