Friji kuukuu na kidhibiti joto cha soketi mbili: uzoefu wangu baada ya mapishi kumi na manne

Bia yangu ya tatu niliyopika nyumbani niliimwaga yote, lita 20. Ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ukiimeza inachoma koo kama pombe kali. Iliniuma sana, maana kimea kilikuwa kizuri, vyombo nilivisafisha kwa uangalifu na hamira ilikuwa mpya. Chumba kilikuwa na nyuzi 24 na niliona panafaa kabisa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo, povu likiwa limepanda, bia iliyo ndani ya ndoo inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Kwa hiyo 24 yangu huenda ilikuwa 28, wakati hamira nyingi za eli, bia inayochachuka kwenye joto la wastani, hupenda 18 hadi 22. Ukizidisha hapo, hasa katika siku hizo za mwanzo, hamira hutoa esta nyingi zenye harufu ya matunda pamoja na alkoholi nzito zinazochoma. Alkoholi hizo haziondoki hata ukiihifadhi bia miezi. Baada ya hapo niliamua sipiki tena mpaka niwe na mahali ninapoweza kutawala joto.

Nilichotengeneza ni hiki: friji kuukuu la mlango mmoja, rafu zote zimetolewa, na kidhibiti joto cha kuchomeka. Hicho kidhibiti ni kiboksi kidogo chenye namba mbili kwenye skrini, moja ya joto lililopo na nyingine ya joto unalolitaka. Kina soketi ya kupoza, soketi ya kupasha, na waya mwembamba wenye sensa mwishoni. Plagi ya friji inaingia soketi ya kupoza na mkeka wa joto unaingia soketi ya kupasha. Kitufe cha friji lenyewe unakizungusha hadi baridi kali kabisa, ili kila likipewa umeme liwake bila kubishana na kidhibiti. Kuunganisha kulinichukua chini ya saa moja.

Kuna aina ya bei nafuu zaidi inayojulikana kwa jina la STC-1000, isiyo na soketi, ambayo unaifungia nyaya za umeme mwenyewe kwa nyuma. Inafanya kazi ileile. Mimi si fundi umeme, na ndani ya friji kuna unyevu, kwa hiyo sikuigusa. Wewe pia kama si fundi, nakusihi uongeze hela kidogo uchukue ya kuchomeka.

Usitoboe friji ovyo. Nilishashika drili mkononi kabla sijasoma kwamba mabomba ya gesi yanaweza kupita ndani ya kuta zake, na kwamba mafriji mengi ya siku hizi yanatumia isobutani, gesi inayoshika moto. Waya niliupitisha tu upande wa bawaba. Mpira wa mlango ukaubana vizuri, na hewa haipiti.

Sasa sensa, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii yote. Mara ya kwanza niliininginiza hewani katikati ya friji. Skrini ilisoma 19 siku nzima nami nikaridhika. Siku ya pili nikachovya kipimajoto kwenye bia yenyewe: 22 na nusu! Hewa inapoa kwa dakika chache, lakini lita 20 za bia zinahitaji saa nyingi, tena zinajipasha zenyewe. Friji lilikuwa linawaka na kuzima mara kwa mara, likiipoza hewa na kuiacha bia.

Mapishi yaliyofuata nilinunua kibomba cha chuma cha pua kilichozibwa chini, kinachopita kwenye kifuniko cha ndoo, nikaitumbukiza sensa humo. Namba zikawa za kweli, lakini likazuka tatizo la upande wa pili. Bia huchelewa kuhisi baridi, hivyo friji linaunguruma muda mrefu na kuta zinakuwa za baridi kali. Sensa inapotosheka, baridi iliyobaki inaendelea kuishusha bia chini ya kiwango. Hapo mkeka wa joto unawaka, bia inapanda, friji linawaka tena. Kupoza na kupasha vilikuwa vinashindana usiku kucha, na umeme unateketea.

Njia niliyobaki nayo mpaka leo ni kuigandisha sensa kwa utepe ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kisha kuifunika kwa sponji nene iliyokunjwa mara mbili. Inahisi ukuta wa ndoo na hewa ya friji haiifikii. Nimepima mara nyingi: inatofautiana na bia ya ndani kwa chini ya nyuzi 1, na friji linapumzika muda wa kutosha. Ruhusa ya kupanda na kushuka nimeiweka nyuzi 1, na kompresa inasubiri dakika 5 kabla ya kuwaka tena. Usiifute subira hiyo. Kompresa ikiwashwa kabla mgandamizo wa gesi haujatulia, inakwama na kuumia.

Matokeo? Eli ninaianza 18, naiacha hapo siku tatu, halafu naipandisha taratibu hadi 20 ili hamira imalize kazi. Ladha imekuwa safi kiasi kwamba nilitambua kwa mara ya kwanza hopsi zangu, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zinanukaje hasa.

Furaha kubwa zaidi ni laga, bia inayochachuka kwenye baridi. Hamira yake inataka nyuzi 9 hadi 13, kitu ambacho chumba cha kawaida hakikupi. Mwaka 1553 Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ilipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba kwa sababu bia za majira ya joto ziliharibika, na ilikuwa hadi miaka ya 1870 ndipo mashine za kupoza za mhandisi Mjerumani Carl von Linde zilipoanza kuingia viwandani. Kila ninapoibonyeza 11 kwenye kile kiboksi nawakumbuka wapishi wale. Laga inapokaribia kumaliza naipandisha hadi 17 kwa siku mbili au tatu, hamira inaila daiasetili, ile ladha ya siagi, na inakwisha kweli.

Kasoro zipo. Waya wa sensa ni mfupi kwa friji refu. Baada ya miezi kumi sensa ilikuwa imepotoka kwa nyuzi 1 na nusu. Niligundua kwa kuichovya kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, ambayo lazima yasome 0. Kidhibiti kina sehemu ya kusahihisha, nikasahihisha, na sasa napima hivyo kabla ya kila mapishi. Kwa upande mzuri, umeme ukikatika na kurudi kinakumbuka kila kitu nilichokiweka.

Kwa kupasha, usitumie balbu. Mwanga unaiharibu hopsi na bia inanuka kama kicheche. Mkeka mdogo wa joto ulioegemezwa kwenye ndoo unatosha.

Unyevu ni adui wa kudumu. Kuvu iliota kwenye mpira wa mlango ndani ya wiki tatu. Sasa naweka bakuli la kalsiamu kloridi chini na kuipangusa mipira kila bia inapotoka. Na unapofungua mlango, usiingize kichwa mara moja: friji linakuwa limejaa gesi ya kaboni dayoksaidi. Acha wazi kwanza, dirisha likiwa wazi pia.

Jambo jingine lilinigharimu. Ukiishusha bia hadi nyuzi 2 ili itulie na kung'aa, hewa ya ndani ya ndoo inasinyaa na kuyavuta maji ya kizibo cha hewa (kile cha juu ya kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) kuingia kwenye bia. Kabla ya kushusha, naondoa kizibo hicho na kuvalisha puto lililokwisha kujaa gesi ya bia yenyewe.

Ndani ya friji sasa hivi kuna laga ya siku ya tisa, skrini inasoma 11.2. Kesho kutwa nitapima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ambao hushuka kadiri sukari inavyoliwa, na nikikuta umeshuka hadi 1.020 naanza kuipandisha joto.