Sigiri ya udongo: kagua bakuli kabla ya bati

Katwe na Kisenyi jijini Kampala, na karibu kila soko la Uganda, utazikuta sigiri hizi, yaani majiko ya makaa, zimepangwa: bati lililopakwa rangi nje, bakuli la udongo uliochomwa ndani, kimlango cha hewa chini. Muuzaji ataanza kusifia rangi. Mwache. Bati ni vazi tu. Bakuli ndilo linalozuia joto lisipotelee ubavuni kama kwenye sigiri ya chuma tupu. Likiwa zima, makaa hupungua kwa theluthi hivi, pengine hata nusu.

Akiba hiyo ni kubwa zaidi ukiihesabia msituni. Tanuri la kufukia kwa udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makaa. Kaskazini mwa nchi, hata miti ya shea yenye kutoa mafuta ya kula na ya kujipaka imeishia kwenye magunia ya makaa, na Mei 2023 amri ya Rais ikapiga marufuku makaa ya biashara huko.

Kabla ya kulipa, gonga bakuli kwa kifundo cha kidole. Likilia kama chungu kizima, chukua. Likitoa sauti butu, lina ufa hata kama huuoni. Litikise: likicheza ndani ya bati, saruji imeachia. Kisha weka sufuria yako mwenyewe juu ya mafiga. Pakibaki upenyo wa kidole kimoja kati ya sufuria na ukingo, sawa. Ikikaa bapa, moto utakosa pumzi na gesi ya sumu itaongezeka.

Sigiri nyingi hufa wiki ya kwanza, na kosa ni la mnunuzi. Udongo mpya bado una unyevu. Ukiuwashia moto mkali, mvuke hutafuta njia na bakuli linapasuka. Siku mbili za mwanzo washa makaa ya kiganja kimoja tu, yaishe yenyewe, bakuli lipoe. Kosa la pili ni kuzima kwa maji. Toa makaa kwa koleo, yatie kwenye kopo la bati lenye kifuniko, nayo yatatumika kesho.

Kwa kuwashia, magunzi makavu yanatosha. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ni haraka, lakini moshi wake ni sumu na plastiki iliyoyeyuka huziba matundu ya wavu. Acha kimlango wazi mpaka makaa yawe mekundu, halafu kifunge kibaki robo. Hapo ndipo sigiri hii inapong'ara: matooke yaliyofungwa kwa majani yanaiva taratibu bila kuongezewa makaa kila mara. Maharage yalowekwe usiku kucha. Maharage makavu yatakula akiba yote. Majivu yatolewe kila siku, la sivyo hewa haipiti na utadhani umeuziwa makaa mabovu.

Kasoro? Ni nzito, inachelewa kushika moto, kwa hiyo kwa kikombe kimoja cha chai ni hasara. Vishikio vya chuma vinaunguza. Na ni sigiri ya makaa bado: usiiingize chumba cha kulala, hata moto ukionekana umekufa.

Alama 7 kwa 10. Muulize fundi kama anabadilisha bakuli peke yake. Asiyebadilisha, nenda kibanda kinachofuata.